Lindley Murray: Wakili aliyeufundisha ulimwengu kuweka mkato

Kabla sijakusimulia habari za bwana huyu yanipasa kwanza nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 1969 nilikuwa karani kijana katika afisi moja ya wapokeaji mizigo hapa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini. Siku moja iliingia shehena ya mchele, magunia mia nne. Kiasi cha magunia thelathini yalikuwa yameingia maji ya chumvi melini, na yaliyosalia yote yalikuwa salama salimini. Mkubwa wetu akaniamuru niandike barua ya Kiingereza kwa mnunuzi aliyekuwa Nairobi, nimweleze kuwa magunia yaliyorowa yametengwa na hayatapelekwa. Nikaiandika kwa mbwembwe zote. Baada ya neno la magunia nikatia mkato, na baada ya neno la kurowa nikatia mkato wa pili, kwani siku zile nilidhani mikato ni kama nakshi za mlango: kila ikizidi ndipo barua inapopendeza.

Mikato ile miwili ndiyo iliyoniponza. Katika Kiingereza, maneno kama yale yakishazungushiwa mikato huwa ni habari ya ziada juu ya magunia yote, wala hayachagui baadhi yake. Mnunuzi alisoma kuwa mchele wote umerowa na wote umetengwa. Hakungoja maelezo. Akanunua mchele kwa mtu mwingine, na shehena yetu ikakaa ghalani ikitulia kodi. Nilikatwa mshahara miezi mitatu mfululizo, na kilichonikera zaidi ni kwamba sikujua nimekosa nini. Kila neno lilikuwa sahihi, hijai zake barabara.

Karani mkuu wetu, mzee mpole aliyevaa koti jeusi hata wakati wa kaskazi, ndiye aliyeniita kando. Aliniita mwanangu, akanieleza kuwa sikukosea neno bali nimekosea kituo. Kesho yake akaniletea kitabu kikuukuu kisicho jalada, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, alichokuwa amekinunua zamani kwa muuza vitabu vya mitumba. Mtungaji wake ni Lindley Murray. Tangu siku ile nimekuwa nikiokoteza habari za mtu huyu, na leo naona ni haki yako nawe uzipate.

Murray alizaliwa mwaka 1745 huko Pennsylvania, katika nchi ambayo leo ni Marekani lakini wakati ule ilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, Robert Murray, alianza maisha kwa kusaga nafaka kinuni, akaingia biashara, akatajirika, akahamia New York. Mtaa mmoja mkubwa wa mji huo, Murray Hill, hata leo unaitwa kwa jina la jamaa hii. Walikuwa watu wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, wale ambao huku kwetu Kenya hujulikana kwa jina la Marafiki, na wafuasi wao ni wengi upande wa Kaimosi. Lindley alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto kumi na wawili.

Baba mtu alikuwa mkali. Jioni moja kijana alitoka nyumbani pasi na ruhusa, na aliporudi akaadhibiwa. Mwingine angalilia yakesha. Huyu alichukua vitabu vyake na nguo zake, akatoroka, akaenda Burlington, New Jersey, akajiandikisha mwenyewe katika shule ya bweni na kuanza kujifunza Kifaransa! Nimewasikia watoto wengi waliotoroka nyumbani, lakini mtoto anayetoroka ili akasome ni huyu tu niliyepata kumjua. Baadaye jamaa walimgundua, wakasuluhisha, naye akarejea kwao.

Baba alitaka mwanawe awe mfanyabiashara, akamtia katika afisi ya mahesabu. Kijana hakuipenda kazi hiyo kabisa, na baada ya kuvutana baba akakubali asomee sheria. Alifundishwa na wakili Benjamin Kissam, na mwanafunzi mwenzake alikuwa John Jay, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Mwaka 1767 Murray akamwoa Hannah Dobson, na ndoa hiyo ilidumu zaidi ya miaka hamsini na minane mpaka kifo kilipowatenga. Mtoto hawakujaliwa.

Zilipozuka vita vya Wamarekani na Waingereza, Murray na mkewe walijitenga Islip, katika kisiwa cha Long Island, wakakaa kiasi cha miaka minne. Huko alijaribu kutengeneza chumvi ya baharini, kwa sababu vita vilikuwa vimeifanya adimu. Kisha akarudi New York, mji uliokuwa mikononi mwa majeshi ya Mwingereza, akafanya biashara na kutajirika katika muda mfupi. Hapa sitaki kumpaka mtu mafuta. Wako wanahistoria wanaoshuku kwamba safari yake ya kuihama Marekani mwaka 1784 haikuwa ya afya peke yake, bali jamaa yake ilikuwa imesimama karibu mno na Waingereza wakati wa vita, na ikafaa mmoja wao aondoke. Yeye mwenyewe alieleza kuwa ni maradhi. Na maradhi kweli yalikuwapo, kwani misuli yake ilikuwa ikilegea siku hata siku, na mwendo wa hatua chache ulimchosha kama mtu aliyepanda mlima.

Yeye na mkewe wakakaa Holgate, nje kidogo ya mji wa York, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka arubaini hivi, mwenye mali ya kumtosha, na mwili usiomtii. Mwanzo aliweza kutembea kidogo bustanini. Baadaye hata hilo likamshinda, ikawa ni kupanda gari la farasi tu apate hewa. Na katika miaka kumi na sita ya mwisho hakutoka nje ya nyumba kabisa. Mtu aliyesomea kusimama mbele ya majaji akawa hawezi kusimama.

Sasa tutazame jinsi kitabu kilivyozaliwa. Katika York palikuwa na shule ya wasichana iliyoanzishwa na Maquaker mwaka 1785. Walimu wake walikuwa wanawake vijana, na wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa sarufi ya Kiingereza sawasawa, kwani zamani hizo msichana kufundishwa sarufi ilikuwa si jambo la kawaida. Walikuwa wakienda kwake Holgate kujifunza, kisha wakaona haitoshi, wakamwandikia ombi kwamba awatungie kitabu. Murray alikataa kwa muda, akisema hana uwezo wa kazi hiyo. Hatimaye walimshinda. Mwaka 1795 kikachapishwa York kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, naye akidhani kitakuwa cha shule ile moja na pengine nyingine mbili tatu.

Mambo hayakuwa hivyo. Kitabu kilipigwa chapa tena na tena, Uingereza na Marekani, hata kikafika India. Mwaka 1797 akatoa muhtasari wake kwa wanaoanza, na pia kitabu cha mazoezi pamoja na cha majibu. Mwaka 1799 kikafuata kitabu cha kusomea. Mwaka 1804 cha hijai. Vitabu vyake kwa jumla viliuzwa kwa mamilioni. Inasimuliwa kuwa Abraham Lincoln, ambaye shule hakuijua sana, alikisifu kile cha kusomea kupita vitabu vyote vya watoto. Naye Charles Dickens, katika hadithi yake moja, alimtia mama mwenye masanamu ya nta aliyebadilisha sura ya sanamu ya mchekeshaji ikawa ni Bwana Murray akitunga sarufi, ili wasichana wa shule waliokuja kutazama wapendezwe. Mtu akishatiwa katika mzaha wa namna hiyo bila ya kuelezwa ni nani, basi jina lake limekwisha ingia kila nyumba.

Lakini mimi nataka kukaa juu ya ule mlango wake wa vituo, maana ndio uliokuwa dawa yangu.

Murray alivitaja vituo vinne vikubwa: mkato, ambao wengine huita koma, nukta-mkato, yaani nukta iliyo juu ya mkato, nukta mbili, moja juu ya mwenzake, na nukta yenyewe ya kumalizia. Akavipa vipimo. Mkato ni pumziko fupi kuliko yote. Nukta-mkato ni mara mbili ya mkato, nukta mbili ni mara mbili ya nukta-mkato, na nukta ni mara mbili ya nukta mbili. Ukipiga hesabu utaona kuwa mtu afikapo kwenye nukta anyamaze mara nane ya anavyonyamaza kwenye mkato. Hata hivyo alitahadharisha kuwa hakuna awezaye kusema pumziko ni muda gani hasa, kwa sababu asomaye upesi na asomaye polepole si sawa. Kinachobaki ni ule uwiano tu.

Sisi tuliosoma chuoni hatuoni ajabu kwa maneno haya. Nani kati yetu hakukatazwa na mwalimu kusimama mahali penye alama ya laa, au hakuhimizwa asimame penye mim ndogo, kwa kuwa kusimama pasipo mahali pake huharibu maana? Hata neno letu la kuakifisha lina asili moja na waqf ya Kiarabu, yaani kusimama. Tofauti ni kwamba alama za msahafu ziliwekwa na wanazuoni kwa ajili ya maandiko yasiyobadilika, ambapo mikato ya Kiingereza kila mwandishi hujiwekea mwenyewe katika sentensi zake, na ndiyo sababu hukosea. Murray alikuwa amesimama katikati ya njia mbili. Huku anapima pumzi ya msomaji, huku anatazama maneno yanavyoshikamana. Kwa mkato peke yake alitoa kanuni ishirini.

Kanuni ya kwanza yasema sentensi fupi iliyo sahili haihitaji alama yoyote ndani yake, isipokuwa nukta ya mwisho. Laiti ningaliijua hiyo mwaka 1969! Nyingine yasema vitu vikitajwa kwa kufuatana hutenganishwa kwa mikato. Nyingine, kwamba anayeitwa atengwe kwa mkato na maneno anayoambiwa. Hizi zote zingaliko, na mwalimu wa leo atakufundisha vivyo hivyo.

Kisha kuna ile iliyonigusa mimi. Murray alieleza kuwa maneno yanayoeleza jina huweza kutanguliwa na mkato, lakini yakiwa ni ya kulifunga jina lile, kulitoa katika ujumla na kulitia katika maana mahususi, basi mkato uachwe. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Magunia yangu yote mia nne yalikuwa pale! Yaliyorowa ndiyo maneno ya kufunga: yanachagua thelathini na kuyaacha mengine. Nilipoyatia kati ya mikato miwili niliyafungua yakaenea kila gunia. Sisi katika Kiswahili mara nyingi jambo hili hulimaliza ndani ya kitendo chenyewe, tukisema magunia yaliyorowa, na msikilizaji hana shaka. Mwingereza hana njia hiyo. Yeye hutegemea kidoa kidogo cha wino, na asiyekiona kidoa hicho hulipa.

Lakini usidhani kuwa kila alilolisema Murray ni la kufuatwa hata leo. Alifundisha kuwa sentensi sahili ikiwa ndefu, na mtenda akaambatana na maneno mengi yasiyoachana naye, yafaa kutia mkato kabla ya kitendo. Ni kama kuandika kwamba kijana yule mrefu aliyefika jana kwa basi kutoka Lamu, halafu ukatia mkato, ndipo ukasema ameondoka. Kwa pumzi ni sawa kabisa. Msomaji amechoka na anataka kupumua. Kwa Kiingereza cha sasa ni kosa, na mwalimu atalipiga wino mwekundu, kwa kuwa mtenda na kitendo chake hawatengwi kwa mkato mmoja. Vilevile akiorodhesha watu watatu alitia mkato hata baada ya yule wa mwisho, kabla ya kitendo. Huo nao umeachwa. Kwa hiyo nikiona mtu mzima anayeandika Kiingereza chenye mikato mingi kama mvua ya masika huwa simcheki. Huenda alifundishwa na aliyefundishwa na kitabu cha zamani.

Kosa ninaloliona zaidi siku hizi katika barua za vijana waombao kazi ni jingine: kuunga sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu. Mkato hauna nguvu hiyo. Tia nukta, au nukta-mkato, au tafuta kiunganishi. Vijana huniletea barua zao nizitazame, na nusu ya kazi yangu ni hapo.

Murray alikuwa na maadui pia. Walimwambia kuwa ameiba, kwani mengi aliyatoa katika vitabu vya waliomtangulia, hasa Robert Lowth, askofu aliyetoa sarufi yake mwaka 1762, na Joseph Priestley. Shutuma hiyo ina ukweli wake. Toleo la kwanza halikuwataja wenye mali kama ilivyostahili. Baadaye alitengeneza, akawataja, naye hakujiita mvumbuzi bali mkusanyaji. Kwa rai yangu, kazi ya kukusanya si ndogo. Vitabu vya Lowth na wenziwe vilikuwa vya wasomi. Huyu alivichambua, akazipanga kanuni kwa nambari, na katika kitabu cha mazoezi akaweka sentensi zisizo vituo ili mwanafunzi avitie mwenyewe, kisha aende kwenye kitabu cha majibu ajisahihishe. Mtu aliye peke yake kijijini, asiye na mwalimu, aliweza kujifunza. Hata mimi niliyekuwa katika chumba cha kupanga, taa ya chemni mezani, niliweza.

Na kama wako wanaodhani haya ni mambo ya karani mmoja na mchele wake, na watazame kesi iliyoamuliwa Marekani mwaka 1967 na 50 juu yake, yaani 2017. Madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipwa ziada, na mwishoni mwa orodha, kabla ya neno la au, hapakuwa na mkato. Ikawa haijulikani kama kusambaza bidhaa ni kazi mbali katika orodha ile, au ni sehemu ya kupakia bidhaa zitakazosambazwa. Mahakama ya rufani ikaona sheria ina utata, ikawapa madereva nafasi ya kuendelea na dai lao, na mwaka 1018 ulioongezwa elfu moja, yaani 2018, wakapatana kwa dola milioni 5. Murray, akiandika watu wake watatu, alitia mkato kabla ya kiunganishi. Wangalimfuata hapo, pengine wasingalifika mahakamani.

Katika uzee wake rafiki yake Elizabeth Frank alimhimiza aandike habari za maisha yake. Akaziandika kwa mtindo wa barua, na zilitolewa mwaka 1826, mwaka uleule aliofariki. Alifariki nyumbani Holgate tarehe 16 Februari akiwa na umri wa miaka themanini, akazikwa katika makaburi ya Maquaker, Bishophill, mjini York. Faida ya vitabu vyake alikuwa akiitoa sadaka alipokuwa hai. Na katika wasia wake aliacha mali mikononi mwa wadhamini huko New York, kwamba mkewe akishafariki itumike kuwakomboa watumwa, kuwasomesha watu weusi na kuwasaidia wenyeji wa asili wa Marekani, pamoja na masikini wengine. Sisi tungeuita wakfu, neno la shina lilelile la waqf niliyoitaja. Bi Hannah alifariki mwaka 1834.

Kibanda cha bustanini alichokuwa akikaa kimehamishiwa katika uwanja wa shule ya wasichana ya Mount, hapo hapo York. Kitabu changu kisicho jalada ninacho bado. Ukurasa wa kanuni za mkato umechakaa kuliko zote, na pambizoni mna alama za penseli za mtu aliyekuwa nacho kabla ya yule mzee, aliyehesabu kanuni zote ishirini mmoja mmoja, na kwenye hiyo ya maneno ya kufunga akapiga mistari miwili.